Mwezi Mpevu wa Sura ya Nne

Ukifika Kibirizi, Kigoma, mwaloni mitumbwi inaposhushia samaki, saa tatu asubuhi, dagaa wakiwa wameshamwagwa juu ya vichanja na jua limeanza kuuma, utasikia mwanamume akisimulia kwa Kiswahili kilichonyooka, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Usihangaike kumtafuta. Yumo ndani ya simu, na simu imo ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga lililofungwa kwenye mguu wa kichanja, maana kopo huikuza sauti. Simu ni ya Melania Gasper. Akili ya kopo ni ya mama yake.

Melania ana miaka arobaini na minne, aliishia darasa la saba, na mwaka huu peke yake amemaliza vitabu ishirini na sita. Usimuulize kama unawahi basi, kwa sababu atakutajia vyote, na kila kimoja atakueleza kimemuudhi wapi na kimemfurahisha wapi. Ana haki ya kuringa. Wapo watu wenye shahada zao mjini hapa ambao kitabu cha mwisho walikifunga siku ya mtihani wa mwisho, na hawajakifungua tena.

Usomaji wake unafuata mwezi. Siku za giza mitumbwi huingia ziwani na taa zake, alfajiri dagaa wanashuka, na mikono ya Melania haiishi magamba mpaka jioni. Mkono wa namna hiyo huwezi kuupa kitabu cha watu. Siku hizo anasikiliza. Mwezi ukikua, mwanga unatapakaa ziwa zima, dagaa hawana tena sababu ya kuzifuata taa, basi wavuvi wanabaki majumbani na vichanja vinakaa vitupu wiki nzima, wakati mwingine zaidi. Hapo Melania ananawa kwa limao, anakaa barazani kwake Gungu, anasoma vya karatasi. Na ziwa lilipofungwa ile miezi mitatu ili samaki wapumzike, asubuhi alilima mihogo Mwandiga na alasiri akasoma, mpaka Mwalimu Wilfred akamwambia rafu yake inaanza kuisha.

Huyo Mwalimu Wilfred ni mstaafu. Sebule yake ya mbele, hapo hapo Gungu, ameigeuza maktaba: rafu nne, benchi moja, na kompyuta kuukuu ambayo kazi yake ni kujaza vitabu vya kusikiliza kwenye memori kadi za watu. Ndiye pia mwenye kundi la wasapu la wasomaji, watu thelathini na kitu, walimu, manesi, makarani wa bandarini, na mwanika dagaa mmoja. Mwalimu ni mtu mwema ila ana msimamo wake mmoja mgumu. Kusikiliza, kwake yeye, si kusoma. "Kusikiliza ni kusikiliza," husema, na hapo amemaliza.

Sasa tuje kwa mama.

Spesiosa Ndayikunda alivuka kutoka Burundi na wazazi wake akiwa msichana wa kuchunga mbuzi, na shule ilimpita kushoto. Hajui herufi hata moja. Simu ya mwanawe anaijua kwa alama: kidude cha kushoto kinarudisha, cha kulia kinapeleka mbele. Miaka yote hii wameanika pamoja, mama upande huu wa kichanja na binti upande ule, wakigeuza dagaa kwa viganja. Redio ilipoharibika wakahamia kwenye vitabu.

Spesiosa husikiliza kimya. Anageuza, anafukuza kunguru, anachambua takataka, ungedhani mawazo yake yako shambani. Halafu ghafla, mkono unasimama.

"Rudisha."

Melania anafuta kidole cha mwisho kwenye kitenge, anabonyeza kile kidude cha kushoto. Mama anasikiliza mara ya pili, kichwa kimeinama. Kisha anatoa hukumu. Rudisha ya Spesiosa haijawahi kuwa ya kusifu. Kitabu kizuri kwake kinapita moja kwa moja mpaka mwisho, na kikiisha anasema maneno mawili tu, "Hiki kimekauka." Kibaya anakiambia kina mchanga, kama dagaa walioanikwa chini badala ya kichanjani: unatafuna, na katikati ya utamu jino linakutana na changarawe.

Kulikuwa na kile cha mtaalamu wa biashara aliyesema siri ya mafanikio ni kuamka saa kumi alfajiri. "Rudisha," alisema mama. Akasikiliza. "Mimi naamka saa kumi tangu kabla huyu hajazaliwa. Sasa mbona hajasema tukishaamka tunafanyaje?" Kulikuwa na riwaya ya mapenzi ambamo binti alizimia mara tatu kabla ya ndoa. "Mtu akizimia mara moja anaumwa. Akizimia mara tatu, mwandishi ndiye anayeumwa." Msomaji wa kitabu hicho, mwanamume mwenye sauti nzito, kila akifika kwenye maneno ya mwanamke alibana koo na kuilegeza sauti. Spesiosa alimsikiliza huyo kwa huruma kubwa. "Mwanamke gani anaongea hivyo? Labda amekalia siafu."

Na ile hadithi ya mauaji kwenye mashine ya kukoboa kahawa kule milimani, mama alimjua muuaji sura ya pili. Alikuwa karani. "Amekataa chai kwenye msiba," alisema. "Anaogopa kukaa." Sura ya kumi na tisa ikaja kumpa haki yake, na siku hiyo alitembea kutoka mwaloni mpaka barabarani akiwa amejifunga kanga vizuri kuliko kawaida.

Hapa ndipo lilipo kosa la Melania, na nitalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kulisema wazi. Maoni hayo yote aliyatuma kwenye kundi la wasomaji, kwa sauti yake mwenyewe, na kila ujumbe ulianza na neno "mimi." Mimi nimeona huyu binti anazimia mno. Mimi nilimjua karani tangu ile chai. Mara ya kwanza hakukusudia. Alikuwa na haraka, mvua inatishia, akasema kilichokuwa kinywani. Watu wakacheka, wakaomba zaidi, nesi mmoja wa Ujiji akaandika kwamba Melania anapaswa kuwa gazetini. Mara ya pili alikumbuka, akanyamaza. Ya tatu ilikuwa rahisi.

Wala hakuwa mjinga asijue tofauti. Vitabu vya karatasi, vile vya mbalamwezi, alivisoma peke yake na kuvitolea maoni yake mwenyewe. Yalikuwa maoni mazuri, ya uangalifu, ya dakika saba. Watu walimjibu kwa kidole gumba.

Halafu ikaja riwaya ya *Mrithi wa Mtumbwi*.

Ilikuwa riwaya ya ziwa lao wenyewe, ya mwandishi aitwaye Thobias anayeishi Dodoma, na mwalo mzima ulikuwa unaisikiliza. Mwanvua, anayeanika kichanja cha jirani, aliacha hata kuwasha taarabu yake. Vijiji vilikuwa sawa, ugomvi wa ndugu wawili ulikuwa sawa, hata jinsi mama mkwe anavyosalimia bila kuangalia ilikuwa sawa. Sura tatu nzima Spesiosa hakusema neno. Melania akaanza kuamini hiki kitakauka mpaka mwisho.

Sura ya nne, ndugu wawili wanakwenda kuvua dagaa. Mwezi mpevu umetanda juu ya ziwa. Kwa mwanga wake, mtu kwenye mtumbwi wa pili anamwona mkubwa akimsukuma mdogo majini.

"Rudisha," alisema Spesiosa.

Melania alirudisha. Mwezi mpevu ukatanda tena.

"Oya, hapana," mama alisema. "Mwezi mpevu wanavua dagaa gani? Usiku huo watu wote wako kwao wamelala na wake zao. Hao ndugu wawili wamekwenda ziwani kufanya nini, kuoga? Na yule shahidi naye, wa mtumbwi wa pili?" Akageuza dagaa kiganja kimoja, polepole. "Kitabu kizuri. Lakini huyu bwana anatuletea maiti usiku ambao hakuna mtu ziwani."

Mwanvua alicheka mpaka akakaa chini. Melania alicheka pia, na jioni ile ile, simu mkononi, alisema: "Mimi nina swali dogo kwa mwandishi."

Ujumbe ule ulizunguka. Mwalimu Wilfred aliupeleka kwa wachapishaji, nao wakaupeleka kwa mwandishi, na baada ya wiki tatu Mwalimu alikuja mwaloni mwenyewe kwa bodaboda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, amevaa koti. Akamwita Melania pembeni.

"Ameandika," alisema. "Thobias mwenyewe. Anasema amezunguka mwambao mzima akiuliza watu kila kitu, isipokuwa hilo. Kitabu kinachapwa upya na kinasomwa upya studio, sura ya nne inabadilishwa. Na mwishoni anataka kutoa shukrani." Alifungua simu, akasoma kwa sauti ya darasani. "Naomba jina kamili la huyo mama wa Kigoma, na namna ambavyo angependa kutambulishwa. Nilipate kabla Ijumaa haijaisha."

Ilikuwa Jumanne.

Jina la Melania ndani ya kitabu. Akiwa darasa la tano aliwahi kuandika jina lake kwa penseli kwenye jalada la kitabu cha shule, chini ya jina la mwandishi, ili aone lingekaaje, na alichapwa kwa kuharibu mali ya serikali. Sasa lingekaa humo kwa ruhusa, lingepigwa chapa, lingefika Dodoma na Dar es Salaam na popote watu wanapouza vitabu. Kundi lilikuwa limeshapata habari. Pongezi ziliingia mpaka simu ikapata moto.

Aliporudi kichanjani, Mwanvua alikuwa ameshasikia pia, maana mwaloni hakuna siri inayovuka vichanja viwili.

"Hongera, dada," alisema Mwanvua, na alimaanisha. Kisha akasema bila ubaya wowote, akifunga gunia, "Ila lile la mwezi, si alilisema mama?"

"Tulikuwa tunasikiliza wote," Melania alijibu.

"Ego, ni kweli," Mwanvua alisema, na kuendelea na gunia lake.

Ungekuwa ugomvi, Melania angejua la kufanya. Ana mdomo. Lakini Mwanvua alikubali tu, na kukubali kule kulimkaa rohoni siku nzima ya Jumatano. Alijaribu kujitetea. Nani aliyeweka kitabu kwenye simu? Nani aliyekuwa anarudisha? Nani aliyezungumza na wenye shahada kwa Kiswahili wanachokielewa? Mama angejuaje hata kuufungua ujumbe? Hoja zilikuwa nzuri zote. Tatizo ni kwamba alikuwa msomaji, na miezi yote hii alikuwa amefundishwa na mtu mmoja kusimamisha mkono mahali ambapo hadithi haikai sawa.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kuwasha simu, alimwambia mama yake. Alimwambia yote, kundi, ujumbe, "mimi" zote, barua ya mwandishi. Alisema akiwa anageuza dagaa ili asilazimike kumtazama.

Spesiosa alisikiliza kimya mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Ulipeleka na lile la siafu?" aliuliza.

"Nilipeleka, mama."

"Wakacheka?"

"Sana. Kuna nesi alisema alilisikiliza mara nne."

"Nesi," alisema Spesiosa. Aliokota jani lililoangukia dagaa akalitupa. "Na la chai? Walielewa kwamba aliogopa kukaa, au walidhani alikuwa na haraka?"

"Walielewa. Mwalimu Wilfred alisema ni uchambuzi wa hali ya juu."

Kama mama alikuwa na hasira, ilikuwa na kazi ngumu ya kupita katikati ya furaha yake. Lakini ilipita. "Mwaka mzima, Mela," alisema. "Mwaka mzima nazungumza na watu thelathini na sikuambiwa. Ningeyavisha vizuri maneno yangu."

Melania alilia hapo, mikono imejaa magamba hata asiweze kujifuta, na mama yake akamfuta kwa ncha ya kanga huku akimwambia aangalie asidondoshee dagaa wa watu.

"Andika jina lako," alisema Spesiosa baadaye. "Wewe unaweza kuliona. Langu mimi litanisaidia nini kwenye karatasi?"

"Halitakuwa kwenye karatasi tu," Melania alisema. "Litasomwa."

Alituma ujumbe kwenye kundi mchana ule, kwa sauti yake. Haukuchukua hata dakika moja. Alisema maoni yote ya vitabu vya kusikiliza yalikuwa ya mama yake, Spesiosa Ndayikunda, na kwamba yeye aliyabeba bila kusema, na kwamba ana aibu. Kisha akasema, na hapa sauti ilipanda, kwamba kama kundi hili limewahi kumwona mtu mwenye akili kuliko mama yake basi wamtaje, yeye yuko tayari kusubiri.

Hakuna aliyetaja. Baada ya karibu saa nzima Mwalimu Wilfred akaandika: "Sasa nimeelewa kwa nini vile vya karatasi ulikuwa unavipa dakika saba."

Ijumaa alikwenda kwa Mwalimu kuandika majibu, kwa sababu barua ya mwandishi ilikuwa kwenye simu yake. Alimsalimia, shikamoo, marahaba, wakakaa kwenye lile benchi. Mwalimu aliandika jina, akaliuliza mara mbili asikosee. Kisha akafika kwenye utambulisho.

"Tuseme mwanika dagaa wa Kibirizi," alisema. "Ni heshima, na ni kweli."

"Andika msomaji."

Mwalimu aliweka simu chini. "Melania. Mama yako simdharau, na baada ya hili nitakwenda kumsalimia kwa miguu. Lakini hajui a wala be. Msomaji ni mtu anayesoma. Tukiandika hivyo tunamdanganya mwandishi."

"Wewe hicho kitabu ulikisoma cha karatasi, Mwalimu?"

"Mara mbili."

"Kwa macho yako."

"Kwa macho yangu, na miwani."

"Na wewe ni mtu wa hapa. Umekula dagaa wa Kigoma tangu ulipoachishwa ziwa la mama. Nami nimeanika dagaa miaka ishirini, kitabu hicho kikasema sikioni mwangu, na sikushtuka, siongopi. Mwezi uliuona?"

Mwalimu Wilfred alivua miwani akaifuta kwa koti. Alifuta kioo cha kulia, akafuta cha kushoto, akarudi tena kulia. Nje bodaboda zilipita mbili. Kisha akaivaa, akachukua simu, na kwa vidole viwili, polepole, akaandika neno lile. Alimwonyesha Melania kabla ya kutuma, kama mwanafunzi anayeonyesha daftari.

Toleo jipya lilifika baada ya ziwa kufungwa na kufunguliwa tena. Mwalimu alilijaza mwenyewe kwenye memori kadi na hakutaka ahsante. Mwaloni likasikilizwa tangu mwanzo, kwa siku tano, siku za giza zenye dagaa wengi, na kopo lilihamishiwa kwenye mguu wa katikati ili Mwanvua na wenzake wasikie vizuri.

Sura ya nne ilipoanza, Melania aliacha kugeuza. Ndugu wawili walisukuma mtumbwi. Giza lilikuwa nene, hakuna mwezi, taa zao zilimulika duara dogo la maji, na ni katika duara hilo, kwenye mwanga wa taa ya mtumbwi wa pili, shahidi alipouona mkono ukisukuma. Ilikuwa mbaya zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa ungeiamini. Melania alimwangalia mama yake. Mkono wa Spesiosa ulikuwa unaendelea kugeuza, kiganja baada ya kiganja, wala haukusimama.

Siku ya tano hadithi iliisha. Mwanvua alikuwa tayari anajifuta macho kwa sababu ya mjane, wengine wameanza kukusanya magunia. Ile sauti isiyo na haraka ikavuta pumzi, ikasema:

"Mwandishi anamshukuru kwa dhati Bi Spesiosa Ndayikunda, msomaji, wa Kibirizi, Kigoma, ambaye bila yeye sura ya nne isingekuwa kweli."

Mkono wa Spesiosa ulisimama.

"Rudisha," alisema.

Melania alifikiri wamelikosea jina, au kuna jambo jingine tena ambalo halikukaa sawa. Alifuta kidole, akabonyeza. Bi Spesiosa Ndayikunda, msomaji, wa Kibirizi, Kigoma. Mama alisikiliza kichwa kimeinama, macho juu ya dagaa, mpaka sauti ikamaliza na kopo likanyamaza.

"Hiki kimekauka," alisema.

Kisha akajifunga kanga upya, vizuri, akasimama wima. "Rudisha tena. Mwanvua hakusikia."

Mwanvua alikuwa amesimama pale pale ubavuni kwake, bega kwa bega, tangu mara ya kwanza.

"Ni kweli, bibi," alisema Mwanvua. "Sikusikia."